Mapato yamepanda, gawio liko wapi? Jibu kwa mwalimu mstaafu wa Nkuhungu

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Mwaka 2017 nilinunua hisa 2,000 za Vodacom Tanzania kwa Sh 850 kila moja. Kila baada ya miezi mitatu nasikia mapato yamepanda, wateja wameongezeka, M-Pesa inafanya vizuri. Mkwe wangu ni wakala Kibaigwa, naye anathibitisha kwamba kazi ipo. Lakini gawio ninalolipwa halifanani na hayo matangazo. Taarifa hizi za robo mwaka nizisomeje? Na hisa zenyewe nizishike au niuze?

Jibu: Shikamoo, Mwalimu. Nianze na jibu lenyewe, maelezo yafuate. Mapato yanayotangazwa ni ya kweli, ila yameandikwa mstari wa kwanza kabisa wa hesabu, na gawio lako linatoka mstari wa mwisho. Katikati wapo mawakala, wenye minara, benki, TRA na mitambo inayochakaa, na wote hao wanachukua chao kabla yako. Kampuni ya simu inaweza kupandisha mapato kwa asilimia 20 na mwenye hisa asione kitu. Inaweza pia kupandisha kwa asilimia 8 tu na faida ikaongezeka maradufu. Ndiyo maana anayeishia kwenye kichwa cha habari anabaki na maswali kama yako, tena maswali ya haki kabisa.

Kwanza tuelewe kwa nini tunazungumzia kampuni moja tu. Sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya mwaka 2010, ikiongezewa nguvu na Sheria ya Fedha ya 2016, ilizitaka kampuni za simu ziuze asilimia 25 ya hisa zao kwa umma. Vodacom ikauza hisa milioni 560, ikakusanya Sh bilioni 476, na tarehe 15 Agosti 2017 ikaorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Wengine walienda njia nyingine. Airtel ilimalizana na Serikali mwaka 2019 kwa mgao wa asilimia 49 kwa Serikali na 51 kwa Bharti, kampuni mama ya Airtel. Tigo ilinunuliwa na kundi lililoongozwa na Axian mwaka 2022, na sasa tunaiita Yas. Halotel ni mali ya Viettel ya Vietnam, na TTCL ni ya Serikali. Airtel Africa hutoa taarifa zake London kila robo, lakini Tanzania imo ndani ya fungu la Afrika Mashariki, kwa hiyo huwezi kuichomoa na kuilinganisha vizuri na kampuni yako. Unachobaki nacho ni kuilinganisha Vodacom na Vodacom yenyewe.

Na hapo ndipo penye mtego wa kwanza: robo gani unailinganisha na robo gani?

Mwaka wa fedha wa Vodacom unaishia tarehe 31 Machi. Robo ya kwanza ni Aprili hadi Juni, ya pili Julai hadi Septemba, ya tatu Oktoba hadi Desemba, na ya nne Januari hadi Machi. Wengi wanaona imeandikwa "robo ya tatu" wakadhani ni Septemba. Sasa muulize mkweo jinsi kibanda chake kinavyokuwa mwezi Februari, halafu Julai. Februari Kongwa yote inapalilia, pesa imeisha kwenye mbegu na vibarua, na anayekuja dirishani anatoa Sh 5,000 ya chumvi na sabuni. Julai soko la mahindi la Kibaigwa limefurika malori, wanunuzi wa mikoani wanalipa kwa simu, na mkulima aliyelipwa saa tatu asubuhi anataka taslimu kabla ya kupanda gari kurudi kijijini. Kabla ya saa sita mchana wakala hana noti. Floti, yaani salio la wakala la kufanyia kazi, imejaa kwenye simu, droo tupu, na foleni bado iko nje. Kila mmoja wa watu hao analipa ada ya kutoa pesa, na ada hiyo inaingia kwenye mapato ya robo ya pili.

Kwa hiyo ukiona robo ya Julai hadi Septemba imeizidi ile ya Aprili hadi Juni, usishangilie bado, maana sehemu ya ongezeko hilo ni mavuno tu. Linganisha na Julai hadi Septemba ya mwaka uliotangulia. Hata hapo angalia sikukuu zinazohama. Mwaka 2024 Idi el Fitri iliangukia tarehe 10 Aprili, kwa hiyo manunuzi na kutumiana pesa kwa siku ile yenyewe kulihesabiwa kwenye robo ya kwanza. Mwaka 2025 iliangukia mwisho kabisa wa Machi, ikahamia robo ya nne. Mtu asiyeliangalia hilo ataona robo moja imenona na nyingine imekonda, wakati wateja ni wale wale na tabia ni ile ile.

Hapa Dodoma tuna kosa letu la kipekee. Bunge la bajeti likianza Aprili mji unajaa, nyumba za wageni kuanzia Area D hadi Kikuyu hazishikiki, na intaneti inakuwa nzito jioni. Tunajisemea kampuni za simu zinavuna. Kwa kampuni ya nchi nzima, mbunge aliyehama kutoka Mtwara kuja Dodoma ni mteja yule yule aliyebadilisha mnara. Mapato hayakuongezeka, yamehama tu.

Mtego wa pili uko kwenye neno mapato. Mtu anayeweka vocha ya Sh 1,000 anadhani kampuni imepata Sh 1,000. Huduma za simu zinatozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 17, halafu VAT ya asilimia 18 inatozwa juu ya bei ambayo ushuru umeshaingizwa. Piga hesabu, Mwalimu: 1.17 mara 1.18 ni 1.38. Gawanya 1,000 kwa hiyo, unapata kama Sh 724. Hizo 724 ndizo mapato ya kampuni, na 276 zinakwenda Hazina. Taarifa ya robo mwaka huandika 724, kwa hiyo kodi hii haitakuumiza tena chini ya hesabu. Ila inaeleza kwa nini mteja analalamika bando ni ghali na kampuni nayo inalalamika bando halilipi, na wote wawili wanasema kweli.

Sasa tushuke ngazi kwa ngazi. Nitatumia kampuni ya kubuni na tarakimu za kubuni, ili hesabu ionekane bila kuchanganywa na kampuni yoyote ya kweli. Tuseme robo hii imepata mapato ya Sh bilioni 400, na robo kama hii mwaka jana ilipata bilioni 340. Ongezeko ni karibu asilimia 18, na hicho ndicho kichwa cha habari utakachokisoma.

Zinatoka kwanza gharama zinazofuata mauzo moja kwa moja: kamisheni za mawakala na wauza vocha, malipo kwa mitandao mingine, gharama za simu na ruta zinazouzwa. Tuseme bilioni 130. Zinafuata za uendeshaji: umeme na dizeli ya minara, mishahara, matengenezo, matangazo. Nyingine bilioni 130. Inabaki bilioni 140, nayo ndiyo wachambuzi wanayoiita EBITDA, yaani faida kabla ya riba, kodi na uchakavu. Matangazo ya kampuni za simu duniani kote hulipenda sana neno hilo, na si vibaya kulijua, ila lisikutoshe. Ligawe kwa mapato: 140 kwa 400 ni asilimia 35. Kama mwaka jana ilikuwa bilioni 125 kwa mapato ya 340, hiyo ni karibu asilimia 37. Umeshaliona jambo ambalo kichwa cha habari hakikusema. Kampuni inauza zaidi, lakini katika kila Sh 100 inayouza inabakiza pungufu kuliko mwaka jana.

Tuendelee. Uchakavu wa mitambo, leseni na haki ya kutumia minara, bilioni 80. Inabaki 60. Riba bilioni 20, inabaki 40. Kodi ya mapato kisheria ni asilimia 30, lakini mara nyingi inayolipwa inazidi hapo, kwa sababu zipo gharama ambazo TRA haizikubali kama punguzo. Tuweke bilioni 14. Faida halisi ni bilioni 26. Kama mwaka jana ilikuwa 27, basi kampuni hii imeongeza mapato kwa asilimia 18 na faida imeshuka. Vyote viwili viko kwenye taarifa moja, kurasa chache tu zikivitenganisha.

Nakuomba usiishie hata hapo. Tafuta taarifa ya mtiririko wa fedha. Faida ni hesabu ya mhasibu, gawio linalipwa kwa pesa iliyopo benki. Chukua ile EBITDA ya 140, toa bilioni 50 zilizolipwa kwa wenye minara, 55 za mitambo mipya, 14 za kodi, 5 za riba ya mikopo ya benki. Zimebaki bilioni 16. Kampuni yenye sera ya kugawa nusu ya faida itahitaji 13. Inatosha, lakini kwa kubana. Robo ikitokea wamenunua masafa au wamejenga sana, hapo hapo inakuwa hasi na gawio linatoka kwenye akiba au mkopo.

Huenda unajiuliza kodi ya minara imejificha wapi, maana sikuiweka kwenye gharama za uendeshaji. Hapa kuna jambo ambalo hata watu wa benki linawapita. Kampuni nyingi za simu hazimiliki tena minara. Vodacom iliuza minara yake zaidi ya 1,100 kwa Helios Towers mwaka 2013 na tangu hapo inapanga. Hadi mwaka 2019 pango hilo liliandikwa kama gharama ya kawaida. Kanuni mpya za uhasibu za kimataifa zilizoanza mwaka huo zinataka mkataba wa pango la muda mrefu uandikwe kama mali upande mmoja na deni upande wa pili. Matokeo yake, sehemu kubwa ya pango imehamia kwenye uchakavu na riba, na EBITDA ikanenepa bila kampuni kupata hata shilingi mpya. Pango linalipwa kama kawaida. Ukisikia EBITDA imefika asilimia fulani ya mapato, jiulize kabla au baada ya kulipia minara.

Mikataba mingi ya minara ina sehemu inayolipwa kwa dola au inayofuata thamani ya dola, na mitambo yote inaagizwa nje. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa karibu Sh 2,330, katikati ya 2024 ilikuwa imevuka Sh 2,600. Mkulima wa Chemba anayenunua bando la Sh 500 hajui habari hizo, na bei ya bando huwezi kuipandisha kesho asubuhi. Aprili 2021 bei mpya za bando zilipoanza kutumika, kelele za wananchi zilikuwa kubwa kiasi kwamba zilisitishwa mara moja. Gharama zinapanda kwa dola, mapato yanakuja kwa shilingi na yanasimamiwa. Katika robo ambayo shilingi imeporomoka, angalia mstari wa gharama za fedha kabla ya mstari mwingine wowote.

Sasa M-Pesa, maana ndiko kunakobeba sehemu kubwa ya ukuaji na ndiko mkweo anakokula. Ilianza nchini mwaka 2008 kama njia ya kutumiana pesa. Leo ni malipo ya dukani, ada za shule, mikopo midogo kama Songesha, vikundi vya kuweka akiba. Kuna tarakimu mbili zinazotangazwa pamoja na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni thamani ya miamala, ambayo huwa matrilioni. Pesa hiyo si ya kampuni. Ni yako, yangu na ya mkulima wa Kibaigwa, na salio letu linakaa kwenye akaunti za dhamana benki chini ya usimamizi wa Benki Kuu. Ya pili ni mapato ya M-Pesa, yaani ada tu. Ukuaji wa thamani ya miamala ni dalili nzuri, lakini ada kwa kila muamala inaweza kuwa inashuka wakati huo huo.

Tena ada zenyewe hazifanani. Kutoa pesa kwa wakala kunaleta ada kubwa, lakini sehemu nzuri inakwenda kwa mkweo kama kamisheni, na nyingine kwa wakala mkuu anayemsambazia floti. Ni haki yao, na bila wao hakuna M-Pesa. Kulipa dukani kwa Lipa kwa Simu kunaleta ada ndogo zaidi, ila hakuna wakala katikati. Mkopo wa Songesha unaleta ada nene kwa pesa ambayo nyingine ni ya benki, lakini una hatari ya watu kutolipa. Kwa hiyo swali langu kila robo ni hili: ukuaji wa M-Pesa umetoka upande upi? Ukitoka kwenye kutoa pesa, tarajia kamisheni kupanda bega kwa bega. Ukitoka kwenye malipo ya dukani, faida inaweza kukua haraka kuliko mapato. Ukitoka kwenye mikopo, furahi kwa tahadhari, uangalie mikopo chechefu kama imetajwa.

Kuna hatari nyingine ambayo haitoki kwa wateja wala kwa washindani. Julai 2021 Serikali ilianza kutoza tozo ya miamala ya simu, kati ya Sh 10 na Sh 10,000 kwa muamala. Kampuni haikupata hata senti kwenye tozo hiyo, lakini watu walirudi kubeba taslimu, na Septemba mwaka huo huo ikabidi ipunguzwe kwa asilimia 30. Kwa wakala wa Kibaigwa hizo zilikuwa siku za kukaa dirishani na kuangalia barabara. Kwa mwenye hisa zilikuwa robo ambazo injini kuu ilipoteza kasi kwa uamuzi wa siku moja wa bajeti, bajeti ambayo husomwa hapa hapa Dodoma. Ndiyo maana nakushauri Juni usikilize hotuba ya bajeti kwa makini ule ule unaosomea taarifa ya kampuni.

Sauti na meseji nitapita haraka. Sauti haikui tena kama zamani, na ile ada ambayo mtandao mmoja unaulipa mwingine kwa kupokea simu TCRA, msimamizi wa mawasiliano, ilikuwa imeishusha hadi Sh 2 kwa dakika ilipofika 2022. Ndiyo maana leo bando la mitandao yote ni jambo la kawaida na watu hawabebi tena laini nne kwa sababu hiyo. Intaneti ya nyumbani, faiba na ruta za 5G, inakua vizuri kwenye mitaa mipya kama Iyumbu na Ilazo, ila kwa hesabu ya nchi nzima bado ni fungu dogo karibu na data ya simu ya mkononi.

Idadi ya wateja niliiacha makusudi, kwa sababu ndiyo tarakimu inayotangazwa kwa sauti kubwa na inayosema machache. TCRA inahesabu laini. Kampuni inahesabu laini iliyotumika ndani ya siku kadhaa, mara nyingi 90. Mtu mwenye laini mbili ni wateja wawili. Chukua mapato ya huduma, gawa kwa wateja, gawa kwa miezi mitatu, upate wastani wa mapato kwa mteja kwa mwezi. Wateja wakipanda na wastani ukashuka sana, kampuni imeokota laini za bure. Lakini usiwe mkali mno wastani ukishuka kidogo. Mei 2023, hapa Dodoma mbele ya Rais Samia, ilisainiwa mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 kwa ruzuku ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Tigo ilichukua 262, Vodacom 190, Airtel 168, TTCL 104 na Halotel 34. Mnara wa namna hiyo ukiwashwa kijijini, wateja wake wa kwanza wana vitochi. Wanapiga simu, wanapokea pesa kutoka kwa watoto wao mjini, na data ni miaka kadhaa mbele. Wastani unashuka, uchakavu unaanza kuhesabiwa siku ile ile, na faida inachelewa. Mimi sioni hilo kama udhaifu wa kampuni. Mama wa kijijini aliyekuwa anapanda kichuguu kutafuta mtandao sasa anapiga simu zahanati akiwa kitandani, na soko linajengwa hivyo hivyo polepole.

Turudi kwenye gawio lako, kwa tarakimu za kweli safari hii. Kampuni ina hisa bilioni 2.24, robo tatu yake iko kwa Vodacom Group ya Afrika Kusini. Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, na mamilioni ya wateja wakapotea. Mwaka ulioishia Machi 2021 ukawa wa hasara ya takriban Sh bilioni 30. Katika kipindi hicho kampuni ililipa gawio maalumu la Sh bilioni 400 kutoka kwenye akiba yake, kama Sh 178 kwa hisa. Kwa hisa zako 2,000 hiyo ni zaidi ya Sh 350,000 kabla ya kodi. Hakikisha uliipata. Lilikuwa gawio la pesa iliyokuwa imelala, halikutokana na faida ya mwaka ule, na baada ya hapo kampuni ikawa haina tena riba ya akiba kubwa kama zamani. Mwaka uliofuata, wa tozo, ukawa na hasara nyingine ya kama bilioni 20. Faida ilirudi mwaka ulioishia Machi 2023, takriban bilioni 44.6, na nusu yake ikagawiwa. Gawanya: ni kama Sh 10 kwa hisa. Wewe ni karibu Sh 20,000, ukatwe asilimia 5 ya kodi ya zuio, ubaki na kama Sh 19,000. Kwa mtaji wa Sh 1,700,000 hiyo ni asilimia 1 na kidogo.

Kwa hiyo hujadhulumiwa, Mwalimu, na hukusoma vibaya. Ulinunua kwa bei iliyodhani faida itakua haraka kuliko ilivyokua, na bei ya hisa sokoni ikakaa chini ya 850 kwa miaka mingi. Wengi walionunua wakati ule wako na wewe kwenye mstari huo.

Kuuza au kushika siwezi kukuamulia bila kujua mahitaji yako. Lakini naweza kukuambia swali sahihi, nalo halihusu tena Sh 850. Pesa ile ilishatumika. Swali ni kama bei ya leo ya hisa zako, ikiwa taslimu mkononi, ungeinunulia tena hisa hizi. Hatifungani za muda mrefu za Serikali, yaani pesa unayoikopesha Serikali kwa riba, zimekuwa zikilipa riba ya zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na mtu anaanza na Sh milioni moja. Kwa mstaafu anayehitaji pesa ya kila miezi sita ya dawa na chakula, hilo ni shindano gumu kwa hisa yoyote ya simu. Kama pensheni inakutosha na hisa hizi umezikusudia kwa wajukuu, basi una sababu ya kusubiri, kwa sharti moja: faida na mtiririko wa fedha viwe vinakua pamoja na mapato, robo kwa robo inayofanana. Ikipita miaka miwili mapato yanapanda na hivyo viwili vimesimama, mimi binafsi ningeondoka. Ukiamua kuuza, mpe dalali wako wa hisa bei ya chini unayokubali, usimwambie auze kwa bei yoyote, maana kuna siku wanunuzi ni wachache sokoni.

Kabla ya yote hayo, nenda kwa dalali wako na kitambulisho chako cha NIDA, au tumia Hisa Kiganjani kama mkweo anaweza kukusaidia kwenye simu, ukague akaunti yako ya hisa: jina, namba ya simu, na akaunti ya benki. Waliobadilisha laini au benki tangu 2017 ni wengi, na gawio lisilopata mwenyewe linakaa kwa msajili likisubiri. Taarifa kamili za kampuni, zile zenye mizania na mtiririko wa fedha, ziko wazi kwa kila mtu kupitia Soko la Hisa, na za robo mwaka huwa hazijakaguliwa, kwa hiyo ile ya mwaka mzima ndiyo ya kuchapisha na kuitunza. Humo tafuta maelezo ya miamala na kampuni mama, uone kiasi kinacholipwa Afrika Kusini kwa ada za nembo na usimamizi. Mkutano mkuu wa mwaka unayo haki ya kuuliza, hata kwa hisa 2,000. Mimi ningeuliza moja tu: baada ya kulipia minara na mitambo, imebaki pesa kiasi gani mwaka huu, na mwaka jana ilikuwa ngapi?